Kata Hapa, Usikate Pale: Kweli na Uongo Kuhusu Kaferesa ya Nyumbani

Simama kando ya barabara pale Idsowe, karibu na Garsen, utafute pikipiki iliyo vile vile ilivyotoka kiwandani. Utangoja. Hii imechomelewa keria ya kubebea magunia, ile ina vyuma vya kukinga miguu, nyingine imeongezwa spika, mwavuli na kipande cha mpira nyuma ili tope lisimrukie abiria. Anayesema vijana wa Tana River hawana ujuzi wa kubadilisha pikipiki hajaketi kwenye stendi ya bodaboda hata dakika tano.

Kilicho kigeni ni mwelekeo. Bodaboda huongeza, kaferesa hupunguza. Kaferesa ni pikipiki, aghalabu kuukuu, iliyovuliwa kila kinachoonekana hakina kazi, ikashushwa usukani, ikawekewa kiti kifupi cha mtu mmoja chenye kinundu nyuma, hata mpandaji akawa analala juu ya tanki badala ya kuketi wima. Hapo ndipo penye hatari yake. Kosa la kuongeza hujitangaza: keria mbovu hupiga kelele, ukasimama ukaifunga. Kosa la kupunguza hukaa kimya miezi kadhaa, kisha hujitokeza ukiwa kwenye mwendo wa 80.

Kazi hii inawezekana kufanywa nyumbani, chini ya mwembe, kwa vifaa vya fundi wa kawaida. Lakini imezungukwa na maneno mengi, na mengi yametoka kwa watu waliotazama picha tu. Haya ndiyo yanayosikika zaidi.

“Kaferesa ni mchezo wa Wazungu wenye pesa”

Uongo. Ni mtindo wa vijana wa viwandani waliokuwa hawana pesa ya kununua pikipiki ya mashindano.

Jina lenyewe, café racer kwa Kiingereza, linatokana na mikahawa ya barabarani ya Uingereza, na maarufu kuliko yote ni Ace Cafe iliyofunguliwa mwaka 1938 kando ya barabara ya North Circular mjini London. Ilikuwa mikahawa ya madereva wa malori. Bomu liliiharibu Ace wakati wa vita mwaka 1940, ikajengwa upya mwaka 1949, na katika miaka ya 1950 vijana wenye kazi na mshahara wa kila wiki wakaanza kukusanyika hapo na pikipiki zao za BSA, Triumph na Norton. Ndoto yao ilikuwa kufikisha maili 100 kwa saa, yaani kama kilomita 160. Aliyetaka kilicho bora alichukua injini ya Triumph akaipandisha kwenye fremu ya Norton, fremu iliyosifiwa kwa kushika kona, na mchanganyiko huo ukaitwa Triton. Hakuna kiwanda kilichoitengeneza. Ilitengenezwa kwenye vibanda nyuma ya nyumba. Ace ikafungwa mwaka 1969, ikafunguliwa tena mwaka 2001.

Wapo wanaosimulia kwamba vijana hao walitumbukiza sarafu kwenye sanduku la muziki, wakatoka mbio hadi mahali fulani na kurudi kabla wimbo haujaisha. Hadithi tamu. Nyimbo za zama hizo zilidumu dakika mbili au tatu, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe ujue ni mbio za umbali gani.

Pesa zilikuja baadaye, viwanda vilipoona kuna soko. Royal Enfield ya Uingereza ilitoa Continental GT mwaka 1965, na ile ya India ikalifufua jina hilo mwaka 2013 kwa wanunuzi wanaotaka sura ya zamani na waranti ya kisasa. Kijana wa Idsowe anayesugua kutu kwenye pikipiki ya marehemu babu yake yuko karibu zaidi na chanzo cha mambo kuliko mtu anayelipia yake dukani ikiwa tayari.

“Pikipiki kuukuu haina spea”

Inategemea ukoo wa injini, na hili lingefaa kuwa swali la kwanza kabla hujatazama umbo la tanki.

Chukua Honda CG125. Ilitoka katikati ya miaka ya 1970 ikiwa imekusudiwa nchi ambako mwenye pikipiki hubadilisha oili akikumbuka. Wahandisi wa Honda waliacha cheni ya kuendesha valvu juu ya injini, wakarudi kwenye mtindo mkongwe wa fito zinazosukuma valvu kutoka chini, kwa sababu fito husamehe mengi. Baadaye viwanda vya China viliinakili injini hiyo kwa majina yasiyohesabika. Serikali ya Kenya ilipoondoa ushuru kwenye pikipiki za chini ya 250 sisi (cc) mwaka 2008, nakala hizo zikamiminika nchini pamoja na spea zake. Matokeo yake ni kichekesho kizuri: CG ya mwalimu mstaafu, iliyolala miaka mingi bila kuwashwa, sasa ina spea nyingi madukani kuliko ilipokuwa mpya.

Tahadhari ni moja. Nakala si pacha. Pistoni ya CG125 halisi ina kipenyo cha milimita 56.5, ila pini, urefu na ringi zinaweza kutofautiana kati ya nakala na nakala. Usiagize kwa jina. Beba kipande cha zamani mkononi, kipimwe dukani kwa kalipa.

Yamaha za mipigo miwili, zile DT na AG100 walizozoea maafisa wa kilimo na wa mifugo, ni habari nyingine. Zina mlio unaopendwa na moshi usiopendwa, na spea zake zinahitaji subira na safari za Mombasa. Nayo Boxer BM150 si ya kale kwa kipimo chochote, lakini ikichakaa ni malighafi nzuri kwa mwanafunzi: spea ziko kila kona, na ukiharibu kitu hujaharibu urithi wa mtu.

“Pikipiki iliyozama ni bei ya bure, na ikikauka ni nzima”

Sehemu ya kwanza ni kweli. Sehemu ya pili ni uongo, na hapa kwenye delta ya mto Tana watu wanauziwa uongo huu kila baada ya mafuriko.

Mvua za El Niño za Novemba 2023 na zile za Aprili na Mei 2024 zilipoufanya mto Tana ufurike, watu waliokoa watoto, mifugo na magodoro kwanza. Pikipiki nyingi zilibaki zilipo. Maji yakapungua, zikatokea zikiwa na tope hadi kwenye taa, na wenyewe wakataka kuziuza haraka. Mtu anayetafuta fremu ya kutengenezea kaferesa huona bahati imemjia.

Kosa la kwanza hufanywa dakika ya kwanza: mnunuzi anapiga kiki aone kama itawaka. Maji hayabanwi kama hewa. Yakiwa ndani ya silinda na pistoni ikapandishwa kwa nguvu, kinachopinda ni mkono wa pistoni. Kabla ya chochote, toa plagi, kisha sukuma kiki polepole kwa mkono hadi maji yaruke nje yote. Mwaga oili. Ikitoka rangi ya chai ya maziwa, maji yamechanganyika nayo, na yameloweka klachi pia, maana klachi ya pikipiki hizi huogelea katika oili hiyo hiyo. Tia oili ya bei nafuu, iache injini ingurume kidogo, mwaga, rudia hadi itoke safi, ndipo utie oili ya kweli.

Hayo ni maji. Tope ni baya zaidi. Mto Tana hubeba udongo laini kama unga kutoka nyanda za juu, na unga huo huingia mahali ambapo jicho halifiki: beringi za magurudumu, beringi za shingo ya usukani, bushi za mkono wa nyuma, ngoma za breki, viungo vya waya. Beringi yenye tope huzunguka vizuri wiki ya kwanza, ukasema fundi alikutisha bure, kisha huanza kulia. Shaba ndani ya viungo vya waya hugeuka kijani na kukuletea matatizo yasiyo na mpangilio, leo taa, kesho honi.

Sasa punje ya kweli. Anayetengeneza kaferesa atatupa kiti, nyaya, bomba la moshi na pengine shoku za zamani. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kilichoharibika ni kitu ambacho angekiondoa vyovyote vile. Ukiihesabu injini kuwa imekufa, ukatoa bei ya injini iliyokufa, na fremu ikawa nzima, biashara si mbaya. Fremu igongwe kwa nyundo ndogo kutoka juu hadi chini: chuma kizima hulia, kilicholiwa na kutu kwa ndani hutoa sauti butu. Zingatia mabomba ya chini karibu na ekseli ya mkono wa nyuma, ndiko maji yanakokaa. Na muuzaji awe na logibuku. Mafuriko huchukua karatasi kama yanavyochukua kuku, lakini pia huwapa wezi maelezo mazuri.

“Tanki tupu halina hatari, chomelea tu”

Uongo, na huu ndio unaoua.

Petroli yenyewe haiungui. Unaoungua ni mvuke wake ukichanganyika na hewa. Mchanganyiko hulipuka mvuke ukiwa kati ya asilimia 1.4 na 7.6 ya hewa. Tanki lililojaa lina hewa kidogo mno ndani yake. Lililomwagwa jana na kuachwa wazi lina hewa ya kutosha na mvuke wa kutosha, tena mvuke huo ni mzito kuliko hewa, haupandi ukaondoka kama moshi. Unajikusanya chini ukingoja cheche ya grainda.

Kwa hiyo tanki lenye tundu halichomelewi nyumbani. Lipelekwe kwa fundi anayeziba rejeta, aliyezoea kuosha kwa maji ya moto na sabuni na kulijaza maji karibu hadi pomoni kabla ya kuligusa kwa moto. Unachoweza kufanya mwenyewe ni kuondoa kutu ya ndani. Jaza siki, iache siku moja au mbili, tia nati na vipande vya cheni kuukuu ulivyovihesabu, tikisa mpaka mikono ichoke. Mwaga, hesabu nati zote zimetoka, suuza kwa maji yenye magadi, yale yale ya kupikia maharagwe, ili kuua ukali wa siki. Likaushe juani papo hapo na ulipake oili ndani. Likikaa na unyevu usiku mmoja kutu itarudi.

“Mwenye grainda anaweza kukata fremu”

Anaweza, kama mwenye kisu anavyoweza kupasua mtu.

Umbo la kaferesa linadai sehemu ya nyuma iwe fupi na iliyonyooka, kwa hiyo jambo la kwanza linalomjia mtu ni kukata mkia wa fremu. Kanuni ni fupi: unaweza kukata nyuma ya mahali shoku zinaposhika, usikate mbele yake. Juu ya shoku ndiko uzito wa mpandaji unakopokelewa, na mabomba yanayotoka hapo kwenda mbele hufanya pembetatu. Pembetatu ndiyo inayozuia fremu isijipinde. Ukiondoa upande mmoja wa pembetatu ili betri ikae vizuri au ili pawe na uwazi wa kupendeza chini ya kiti, umeacha mabomba mawili yanayotegemea kiungo cha kuchomelea peke yake. Picha nyingi za kaferesa zenye uwazi huo zilipigwa siku pikipiki ilipokamilika. Sijaona nyingi zilizopigwa mwaka mmoja baadaye.

Kabla ya kukata, funga chuma cha muda kutoka upande mmoja wa fremu hadi mwingine, kwa sababu joto la kuchomelea huvuta mabomba na fremu ikipoa imepinda huinyooshi kwa kuiangalia. Tao la nyuma linalounganisha ncha mbili lisigusane nazo ncha kwa ncha tu. Chonga vipande vya chuma kigumu vinavyoingia ndani ya mabomba sentimita kadhaa kila upande, toboa matundu pembeni ya bomba, uchomelee kupitia matundu hayo na kuzunguka kiungo. Mabomba ya pikipiki ndogo ni membamba, karibu milimita mbili, na fundi aliyezoea mageti hutoboa bomba hilo kwa mkono ule ule uliojenga mageti bora kabisa. Apunguze umeme, atumie fito nyembamba, ajaribu kwanza kwenye kipande cha mkia mlichokata. Toa betri kabisa, na uchomoe sidiai (CDI) na kidhibiti cha chaji, kama hutaki kununua vipya.

Na bomba la maji? Wanasema bomba la mabati ni nguvu tosha, nalo linapatikana Garsen siku yoyote. Hapana. Limetengenezwa kupitisha maji, halikutengenezwa kupokea mitikisiko, na ile ngozi yake nyeupe ni zinki. Zinki ikichomwa hutoa moshi unaoleta homa, baridi na maumivu ya mwili saa chache baadaye, ambayo mtu wa delta atadhani ni malaria. Mafundi wengi hunywa maziwa kujikinga. Maziwa yana faida nyingine, hii hayana. Tafuta bomba jeusi lisilopakwa zinki, la unene unaofanana na fremu.

“Ukiipunguza uzito itapaa”

Kweli kidogo, na hesabu yake inafaa kujulikana kwa sababu huokoa pesa.

Wepesi husaidia pikipiki kuchomoka na kusimama. Tuseme umetoa kilo 10 kwenye pikipiki ya kilo 100. Wewe una kilo 70. Kilichokuwa kilo 170 sasa ni 160, kasoro asilimia 6. Utahisi tofauti ukiondoka kwenye kizuizi. Lakini kasi ya juu kabisa kwenye barabara tambarare, na kutoka Garsen hadi Malindi hakuna mlima wa kuzungumzia, haiamuliwi na uzito. Inaamuliwa na upepo. Nguvu inayohitajika kuupasua upepo hupanda kwa kipeo cha tatu cha kasi: ukitaka kutoka 100 hadi 160, zidisha 1.6 kwa 1.6 kwa 1.6, unapata zaidi ya 4. Injini ya Boxer 150 ina kama nguvu farasi 12. Ungehitaji karibu 50. BSA Gold Star ya 500 sisi, mfalme wa Ace Cafe, ilikuwa na kama 40, na mpandaji alikuwa amelala kabisa juu ya tanki.

Ndiyo maana usukani ulishushwa. Haukushushwa kwa ajili ya picha. Ulishushwa ili kifua cha mtu kisiwe tanga. Na mtu akikwambia ubadilishe sproketi ya nyuma iwe na meno machache “uongeze nguvu”, jua kwamba anakuongezea kupumzika kwa injini katika mwendo mrefu, na anakupunguzia mvuto wa kuondokea. Nguvu ni ile ile.

“Toa boksi la hewa na sailensa, injini ipumue”

Uongo kwa pikipiki ya kawaida, uongo maradufu kwa Tana River.

Kabureta ilipimwa kiwandani ikiwa na boksi lile la hewa lenye midomo ile na bomba lile la moshi. Hewa ikiingia kwa wingi bila petroli kuongezwa, mchanganyiko huwa mwembamba. Plagi hutoka nyeupe, bomba hupasua milio ukiachia mafuta, injini hupata joto juu ya joto ambalo jua la Garsen limeshatoa. Watu husikia ile milio wakafurahi. Ni malalamiko.

Ukishikilia kuondoa boksi, basi panda ngazi moja au mbili za jeti kuu, uende mbio kidogo, zima injini ukiwa kwenye mwendo, usome rangi ya plagi: unatafuta hudhurungi ya wastani. Lakini fikiria vumbi. Wakati wa kiangazi, ukiacha lami, hewa inakuwa na mchanga ndani yake, na chembe za mchanga ni ngumu kuliko chuma cha silinda. Vile vichujio vidogo vya duara vinavyouzwa kwa urembo vingi vinazuia majani na mende. Ringi zako zitaisha msimu mmoja. Kuna njia ya katikati ambayo sioni sababu ya kuionea haya: acha boksi, likate urembo wa nje, lifiche chini ya kiti.

Bomba tupu nalo, mbali na kuvuruga mtiririko wa moshi uliopangwa kwa urefu wake, lina maadui wawili. Wa kwanza ni kanuni za NEMA, mamlaka ya mazingira, za mwaka 2009 kuhusu kelele na mitetemo iliyozidi. Wa pili ni ng'ombe. Barabara hizi ni za wafugaji Waorma na Wawardei kabla hazijawa za kaferesa, na kundi likitawanyika lamini kwa sababu ya mlipuko wako, mwenye ng'ombe atakuwa na la kukwambia, na abiria wa basi linalofuata pia.

“Betri si lazima”

Kweli kwa nyingi za zamani zenye kiki. Sidiai yake hupata umeme moja kwa moja kutoka kwenye koili ya injini, betri ni ya taa na honi. Lakini bila betri taa hupepesa injini ikilegea, na kidhibiti kikiwa kibovu balbu huungua moja baada ya nyingine. Betri ndogo chini ya kiti na taa za ledi humaliza ubishi.

“Madigadi ni urembo wa wazee”

Kweli ukiwa mjini kwenye lami kavu. Idsowe, mvua ikinyesha, udongo mweusi wa mfinyanzi hukamata tairi, na bila madigadi ya nyuma hupakwa mgongoni mwako na kwenye kabureta. Madigadi iliyoinuliwa ikakaa mbali na tairi ni bora kuliko iliyokatwa fupi. Inayokaa karibu mno na tairi nayo hujaa tope mpaka gurudumu likwame.

“Usukani wa chini unaumiza mgongo, ndivyo ulivyo”

Unaumiza ukishushwa peke yake. Mikono ikienda chini na mbele, miguu nayo lazima irudi nyuma, ndipo kiwiliwili kipate mhimili. Wengi hushusha usukani wakaacha vikanyagio vilipo, wakabaki wamejikunja katikati. Kurudisha vikanyagio nyuma kuna kazi yake: mkono wa gia hugeuka, na kama hukuweka kiungo cha kati, kupanda gia kunakuwa kushuka. Fito ya breki ya nyuma inahitaji urefu mpya, na pembe ya mkono wa breki ibaki karibu na mraba pedali inapokanyagwa, la sivyo utakanyaga sana na kusimama kidogo. Kisha zungusha usukani kushoto na kulia hadi mwisho. Vidole vikibanwa na tanki, hutaweza kugeuza pikipiki kwenye uchochoro, achilia mbali kukwepa mbuzi.

“Pikipiki ni yangu, nabadilisha nitakavyo”

Uongo. Chini ya Sheria ya Trafiki, Sura 403, logibuku hueleza chombo fulani: namba ya fremu, namba ya injini, rangi, aina. Ukibadilisha injini au rangi, NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, wana utaratibu wa kubadilisha maelezo, na siku hizi hufanyika kupitia eCitizen. Namba ya fremu, iliyogongwa kwenye shingo ya usukani, isisagwe kwa grainda wala isifunikwe kwa rangi nzito ukiwa unatafuta ulaini. Kwenye barabara ya Garsen kwenda Lamu vizuizi vya usalama si vigeni, na pikipiki ya umbo la ajabu itasimamishwa kabla ya nyingine zote. Ukiwa na namba inayosomeka, utaendelea na safari.

Bima ya mtu wa tatu ni lazima kwa Sura 405. Mweleze mwenye bima ulichobadilisha. Akigundua baada ya ajali, una maelezo magumu ya kutoa. Kiti kikiwa cha mtu mmoja, kimekwisha kukupa jibu kuhusu abiria, na hilo linamaanisha pikipiki hii haitakuletea hata shilingi ya bodaboda. Vioo, indiketa, taa ya breki na kibao cha namba vibaki. Vipo vidogo vyenye sura nzuri. Aliyenunua pikipiki ya serikali kwenye mnada ahakikishe usajili wa GK umebadilishwa kwanza, kabla hajashika spana.

“Ikiwaka, kazi imekwisha”

Uongo ambao kila mtu huuamini kwa jioni moja.

Injini ikiwa inanguruma, geuza usukani kushoto kabisa, kisha kulia kabisa. Mlio ukipanda, kebo ya mafuta imekuwa fupi na siku moja itakupeleka mbele kwenye kona. Nyosha uzi kutoka tairi la nyuma hadi la mbele uone kama magurudumu yako kwenye mstari mmoja. Cheni icheze sentimita mbili hadi tatu katikati ukiwa umeketi. Gonga spoki moja moja kwa spana: zote zitoe sauti karibu sawa, inayotoa sauti butu imelegea. Jaribu breki kwa mwendo wa mtu anayetembea, kisha wa baiskeli.

Injini ya silinda moja hutikisa kila nati, na fremu iliyopunguzwa uzito hutikisika zaidi. Baada ya safari za mwanzo rudi kwenye boliti za injini, za shoku na za vikanyagio, na ukague kila mstari wa kuchomelea kwa tochi: ufa huanza mwembamba kuliko unywele, na rangi iliyopasuka juu yake ndiyo dalili ya kwanza. Kwa hiyo usipake rangi ya mwisho mapema. Endesha kwanza ikiwa na rangi ya chini tu, uione inavyochoka, urekebishe, ndipo uivishe. Spana namba 10, 12 na 14 zikae mfukoni. Na safari ya kwanza isiwe Malindi. Iwe Garsen na kurudi.